Nafasi Kando ya Kidole Gumba

Shoga, uko? Nimejifungia stoo ya kiwanda.

Leo wachezaji wamejaribu bitana yangu mpya ya viatu vya mpira, ile iliyonikeshesha wiki tatu. Sita wamevaa, na wote sita wamelalamika kitu kimoja: kiatu cha kushoto, kando ya kidole gumba, sponji imepungua na mguu unacheza.

Bosi akaingiza mkono ndani ya kiatu. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Hii umeikata kwa mguu wa nani?"

Nikasema kwa kipimo cha kiwanda. Nikaapa kabisa.

Uongo mtupu. Ni mguu wa shemeji yako. Kile kinundu chake, si unakikumbuka? Miaka kumi na moja nimempunguzia sponji palepale ili asiumie. Tumemzika mwaka jana, mkono bado unampunguzia. Mimi hata sikujua hadi alipouliza.

"Kwa mguu wa nani." Mbele ya watu wote, shoga.

Bosi kaniambia nizifumue bitana zote. Nimezifumua, ila jozi moja ya viatu nimeitia mkobani.

Nyumbani hakuna wa kuivaa. Najua. Usiniambie.