Prosesa Mpya ya Udameda

Jumatatu, 4 Oktoba
Mtoto wa Udameda mgongoni, mfuniko wa ndoo mkononi, napepea kompyuta. Ndiyo kazi yangu hapa dukani kwa binti yangu Udameda, mjini Katesh. Mashine ni ya zamani. Ameiwekea prosesa mpya, ile sehemu inayofikiri. Sasa inafikiri haraka lakini inachemka, inazima. Tangu tuwe Mkoa wa Manyara kila mtu anataka barua ya kuchapa ya kupeleka ofisini. Inazima barua ikiwa katikati. Wateja wanaondoka. Namwogopa mume wake.

Jumatano, 6 Oktoba
Mume wake, Gidabaye, kaja. Aliuza dume la ng'ombe inunuliwe hii mashine. Kanipa shikamoo vizuri kabisa, halafu kasema, "Mama, binti yako kageuza dume langu kuwa jiko." Wateja wakacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 7 Oktoba
Imezima tena mbele ya Gidabaye. Kang'oa feni ya ndani ya mashine, kampiga nayo Udameda usoni, mtoto yuko titini. Damu ikamwagikia mtoto. Nikamng'ata mkono. Akanitupa ukutani. Bega haliinuki. Siku nyingine atamuua. Ningekuwa na shoka ningemkata. Nimeandika, sifuti.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimepanda kijijini Gendabi kwa wanawake wenzangu. Kwetu, anayempiga mwenye mtoto mchanga, kesi yake ni ya wanawake. Wanaume hawaingii. Sikusema mengi. Nimetandika kanga yenye damu chini, wakaiona.

Jumamosi, 9 Oktoba
Tumeenda kwenye boma la Gidabaye na fimbo, wengi. Katoka na mkuki. Bibi mmoja kamwambia, "Choma. Anza na mimi. Wa pili ni mama yako." Mama yake alikuwepo kweli, na fimbo yake. Mkuki ukashuka. Tukamchapa mpaka akapiga magoti. Tukamtoza dume jeusi, tukalinyonga palepale zizini, ndiyo desturi. Pua nimeziba mimi, kwa mkono ulio mzima. Lilipiga mateke sana. Nilitamani liwe yeye. Wanawake wamesema Udameda akae kwangu na mtoto, mashine iwe yake Udameda, na Gidabaye asikanyage dukani.

Alhamisi, 14 Oktoba
Udameda kafunga feni nyingine, kubwa. Nilileta mafuta ya lile dume niipake prosesa, kama tunavyopaka kidonda. "Hapana mama, hiyo utaiua." Akacheka. Jicho moja bado limevimba. Prosesa ina dawa yake nyeupe ya kuipoza, kaipaka mwenyewe. Barua ya mzee mmoja imefika mwisho bila kuzima. Mtoto kalala.
Mfuniko wa ndoo bado nimeushika.