Mishono Niliyofumua

Mwenzangu, uko? Nimejifungia stoo ya vitambaa hapa kituo cha kulelea wazee, nalia kama mtoto. Usinipigie, sauti haitoki.

Yule bibi mwalimu mstaafu, mwenye mkono uliolegezwa na kiharusi, amenifumania. Amenifumania kabisa!

Si unajua kwenye kikundi cha wazee tunashona vishikio vya sufuria? Mishono yake huenda upogo. Basi wakienda kula, mimi nafumua vyake, nashona upya. Miezi mitatu! Nilitaka tu avione vimependeza, afurahi.

Leo amerudi kufuata miwani. Kanikuta na mkasi, kishikio chake mkononi.

Hakufoka. Heri angefoka! Amekaa, akauliza, "Tangu lini?"

Nikasema tangu mwanzo.

"Vyote?"

Vyote, mwenzangu. Ningesema nini?

Akautazama mkono wake. "Mimi nilidhani unapona."

Nilidhani unapona!! Kumbe wiki iliyopita alimwonyesha mwanawe vile vishikio, mwana akasema mtu anayeshona hivi hashindwi kujipikia. Jumamosi anakuja kumchukua, arudi kuishi peke yake nyumbani kwake. Ameshafunga mizigo. Sikujua, naapa sikujua.

Akatoa simu palepale. Vidole vikakosa namba, mara ya kwanza, mara ya pili. Akanipa mimi nimpigie.

Nimepiga mwenyewe. Nikamshikia simu sikioni kwa mikono yangu hii hii.

"Mwanangu," akasema, "Jumamosi usije."