Naserian Hakuniita

Nainokanoka, Jumanne usiku

Naserian amejifungua leo, na hakuniita. Nimemsikia mtoto akilia nikiwa njiani na ndoo yangu ya maji.

Nimeyataka mwenyewe. Kwenye mafunzo ya ukunga Karatu tuliambiwa mjamzito ale vizuri. Huku wanajinyima, ati mtoto asinenepe tumboni akashindwa kutoka. Mwezi uliopita nikamfokea Naserian mbele ya mama mkwe wake. Koko, bibi mkunga anayenifundisha, alinivuta shuka ninyamaze. Wapi!

Jioni Koko amerudi, akanawa mikono.

"Mtoto mzima. Mama ndiye hana nguvu hata ya kumshika. Alisema nisije na wewe."

Nilichosema ni kweli, naapa. Angekula, leo angekuwa na nguvu. Na angekula, kama ningemwambia pembeni, taratibu, tukiwa wawili tu.