Wino wa Japani na Misalaba ya Mbuba

Mbuba, Ngara
6 Novemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Kwizera,

Pokea marahaba kabla hujaniamkia. Anayekuandikia ni mjomba wako yule yule ambaye hapa Mbuba padri haanzi misa mpaka ahakikishe nimeketi. U mzima? Baridi ya Japani imekuachia mgongo? Sisi tunapumua tu, ila moyo wangu umekwisha.

Ile chupa ya wino ilifika. Niliwaambia watu imepita kwanza kwa mfalme wa huko. Rangi yake, bluu yenye kijivu kama sare ya shule iliyofuliwa mno, iliwanyamazisha. Ulisema wameutengeneza ufanane na wino wa zamani. Nikajua basi, vitu vya zamani havifutiki.

Si unakumbuka, kabla ya Siku ya Marehemu Wote tunafyeka makaburi na kuandika majina upya? Nikamwambia Laurian, mwenyekiti wa kigango, "Rangi yako ya kopo kapake choo. Mimi nina wino wa Japani." Nikang'oa misalaba yote ya mstari alimolala bibi yako, nikaikwangua kwa panga, nikaenda kuiandika majina nyumbani. Ilipendeza!

Asubuhi ya misa nikaifunga kwenye baiskeli. Mvua ikanikuta kilimani. Nilifika na mbao tupu, na shati la bluu.

Padri kashika maji ya baraka, anasubiri. Laurian akasema, "Haya, Mjapani, tusomee." Dada yako Teddy anazunguka: "Mjomba, bibi yuko wapi?" Mama yako akasema tuta la pili, Laurian la nne. Mvua zimeyalaza yote sawa. Mama yako akakaa chini katikati, akalia bila kujua aelekee wapi. Tangu siku hiyo dada yangu haniongeleshi.

Kwizera, wewe mazishi uliyaangalia kwa simu. Simu ya Teddy ilishakufa na picha zake. Ile video bado unayo? Tazama bibi alilazwa karibu na nini: mti, jiwe, uzio. Tuambie upesi. Sili, silali.

Teddy anakusalimu, na jirani yetu mzee Ndayisaba. Mungu aliyempokea bibi yako akufunike huko ugenini.

Utauliza kwa nini mimi sikumbuki, wakati nimewaambia wote kwamba nilishuka kaburini nikampokea mama kwa mikono hii. Kwenye video usinitafute. Nilikuwa nyuma ya migomba ya Ndayisaba, ile ya kando ya makaburi, nimeng'ata kofia ili kilio changu kisisikike.

Ni mimi nikupendaye, mjomba wako,
Aristides