Kituo cha Chai cha Ngomo

Bagira, Bukavu, 7 Aprili 1957

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Mimi sijambo, ila tumbo limekuwa kubwa mpaka siwezi kuinama kufunga viatu. Mume wangu Télesphore hajambo pia. Na wewe je, goti linaendeleaje? Mihogo mmevuna? Msalimie Papa Aloys katekista. Najua ndiye anayekusomea barua hii na ndiye atakayeandika jibu, kwa hiyo usimtume kunigombeza.

Mama, nasema moja kwa moja. Mtoto atakuja mwishoni mwa mwezi wa sita. Wa kwanza tulimzika mwaka jana bila wewe. Majirani wanawake wa hapa mtaani Kasha ndio walionishika mikono. Walinishika vizuri, lakini hawakuwa mama yangu. Safari hii nataka wewe umwogeshe mtoto kwa mara ya kwanza, kama ulivyowaogesha watoto wa dada zangu huko bondeni. Najua umeapa kutopanda mlima wa Ngomo juu ya magunia ya lori. Hata siku ya arusi yangu ulinisindikiza mpaka bariyeri ya Kamanyola, pale magari yanapozuiwa chini ya mlima, ukarudi zako kwa miguu.

Sasa njia imepatikana. Bwana Benoît, tajiri wa Télesphore, amejenga nyumba juu ya lori. Sikutanii. Ina kitanda, jiko la petroli, madirisha yenye mapazia, hata kabati la vikombe. Wageni kutoka Ulaya wataitembelea nchi yetu wakiwa ndani yake. Wanaotaka ziwa watapita Lwiro na Kalehe, wanaotaka milima watateremka Ngomo hadi Uvira. Télesphore ndiye shofere wa kuliendesha, na amepewa kazi ya kuzipanga safari hizo: wapi pa kusimama, wapi pana maji, wapi pa kulala. Kabla wageni hawajaja, lazima aende Uvira na kurudi na nyumba tupu. Akirudi atapita Luvungi kukuchukua. Bwana amekubali, maana anataka mtu akae nyuma amwambie panatikisika wapi. Sharti lake ni moja, usilale juu ya magodoro ya wageni.

Jiandae. Sikuulizi kama utakuja.

Mtoto wako,
Colombe


Luvungi, 28 Aprili 1957

Mwanangu Colombe,

Mungu asifiwe kwa kuwa uko mzima. Goti linauma asubuhi, jioni linasahau. Mihogo tumevuna, viboko wa mto Ruzizi wametuachia mingi kuliko mwaka jana. Papa Aloys anasema anaandika kila ninachotamka, isipokuwa maneno mawili juu ya magodoro ya Bwana Benoît. Hayo amekataa.

Magodoro abaki nayo, mimi nina mkeka. Lakini wewe, mtoto niliyekulea mwenyewe, umefikiri? Lori ni lori, mtu anapanda, anashuka. Kitu chenye kitanda, jiko na pazia ni nyumba. Tangu lini mama mukwe akaingia kulala nyumba moja na mukwe wake? Télesphore sijamtazama usoni hata siku moja. Akija hapa anakohoa tangu njiani ili nijue, nami napita nyuma ya jiko. Hiyo ndiyo heshima yetu, na imetutosha. Nimemuuliza Papa Aloys, akasema, "Maman Emérence, Kanisa haikatazi." Nikamwambia, "Kanisa haina mukwe." Hilo ameliandika, nashangaa.

Halafu kuna Ngomo yenyewe. Unajua baba yako Isidore alifia huko kwenye kazi ya barabara, wewe ukiwa unatambaa. Mengine sijakusimulia, na sitaki.

Lakini mjukuu wangu amezikwa bila mimi. Hilo linaniuma kuliko goti na kuliko Ngomo. Mwambie mukwe atafute namna ya kuitunza heshima. Akiipata, nitapanda.

Mama yako


Bagira, 12 Mei 1957

Mama mpenzi,

Salamu sana. Nimevimba miguu, lakini nakula vizuri, na masista wa materniti wanasema mtoto amekaa sawasawa. Nafurahi kwa mihogo.

Namna imepatikana. Shofere anakaa mbele, ana mlango wake, na kati yenu kuna ukuta wa mbao wenye kidirisha. Nimekishonea pazia la kitenge kizito, huoni kitu. Kwa hiyo yeye ni jirani tu anayeishi mbele. Usiku nyumba itasimama Nyangezi, karibu na misioni. Wewe utalala ndani juu ya mkeka wako, yeye atalala nje chini ya hema. Hakuna wa kuwasema.

Safari ameipanga hivi. Mtaondoka Luvungi asubuhi mpaka Kamanyola. Pale mtangoja bariyeri ifunguliwe, maana barabara ni nyembamba. Magari yanapanda kwa saa zao na kuteremka kwa saa zao, na anayekosa saa yake analala chini ya mlima. Mkishaanza kupanda, mtasimama mara moja tu. Kuna kona barabara inapopanuka, na bonde lote liko chini yako, Ruzizi inang'aa mpaka macho yanachoka. Télesphore anasema hakuna mahali pazuri kama hapo kutoka Bukavu mpaka Uvira. Hapo ndipo wageni watawekewa viti na kunywa chai. Utapatambua kwa jiwe kubwa jekundu lililopasuka katikati. Wewe utakuwa mgeni wa kwanza kupewa chai hapo, ameshakununulia sukari yako.

Mtoto wako,
Colombe


Luvungi, 2 Juni 1957

Colombe,

Mimi mzima. Papa Aloys mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kusema, sasa ninalo.

Jiwe hilo lilipasuka siku moja na baba yako. Walitia baruti, wakangoja, haikulia. Wakamtuma Isidore akaangalie. Nusu ya jiwe ilibaki, nusu iliteremka naye. Sikuletewa cha kuzika. Nilipanda kwa miguu nikaenda kuliona jiwe, nikarudi, na tangu siku hiyo sijapanda tena. Habari ya magunia ya lori niliwaambia ninyi watoto ili msiniulize.

Télesphore ni mtu wa Kabare, si wa bondeni, hakujua. Simlaumu. Lakini siwezi kupita pale wakati watu wanapanga viti. Wageni wana milima yote, watafute mwingine. Mimi sitakuja.

Mama yako


Bagira, 7 Juni 1957

Mama,

Barua yako nimeisoma nimekaa chini. Télesphore ameisoma amesimama, kisha akatoka nje, na aliporudi alichukua kalamu. Kona ile ameifuta kwenye safari. Atapita bila kusimama, mapazia yakiwa yamefungwa. Atapiga honi mara moja mkiikaribia ili ufumbe macho, na mara moja mkishapita.

Baba nilimkosa kabla sijamjua. Mtoto wangu nilimkosa nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza kumjua. Wewe siwezi kukukosa, na uko hai, hapo chini ya mlima tu.

Nyumba itasimama mlangoni kwako tarehe 18 asubuhi. Usipopanda, itaendelea kusimama hapo. Bwana Benoît ataikosa, na Télesphore atafukuzwa kazi. Amesema atakubali. Mimi pia nimekubali. Sina muda wa kungoja jibu lako, Mama, kwa hiyo nijibu kwa kuja.

Colombe wako


Nyangezi, 18 Juni 1957, jioni

Mwanangu Colombe,

Salamu. Natumaini bado uko na tumbo lako. Usishangae mwandiko huu. Papa Aloys amebaki bondeni. Anayeandika ni mume wako, amekaa nje chini ya dirisha, mimi niko ndani, na pazia liko kati yetu. Mimi nasema, yeye anaandika. Barua itakufikia leo na lori la viazi, sisi tutafika kesho.

Kwanza ya Bwana Benoît. Vikombe vinaanguka kila kona, atie kamba. Dirisha ni dogo kwa mtu aliyetoka mbali kuja kutazama. Magodoro yake nimeyapapasa tu, na hilo aliandike pia.

Sasa yetu. Honi ililia, nikafumba macho kama ulivyosema. Nikasikia nyumba inapunguza mwendo kwa ajili ya kona. Nikajiambia, mahali hapa nimepafumbia macho tangu ujane wangu, na sijaona faida yake. Nikagonga ubao. Nikasema, "Mukwe, simamisha." Ndiyo mara ya kwanza nimemsemesha. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, saa ya bariyeri itaisha." Nikamwambia, "Acha iishe." Akasimama pembeni, malori ya nyuma yakapita yakitutukana. Akaweka kiti, akaenda mbele ya gari akanipa mgongo. Nikashuka.

Siku ile ya zamani nililitazama jiwe peke yake, sikugeuka. Leo niligeuka. Colombe, bonde lote linaonekana. Nimeona Ruzizi, nimeona mashamba ya pamba, nimeona bati la kanisa la Luvungi likiwaka juani, na nyuma ya kanisa ndiko kwetu. Baba yako alikuwa akirudi Jumamosi ananiambia, "Juzi niliwaona." Nilidhani ananitania, nilikuwa namcheka. Miaka yote hii nilisema amekufa mbali na sisi, kumbe alikuwa anatuona.

Nikaomba chai. Télesphore aliipika, akaiweka nyuma ya gurudumu, akaondoka, nikaichukua. Kidogo nilimwaga chini kwa ajili ya Isidore, iliyobaki niliinywa nikilia, mpaka nikaimaliza. Sukari ilikuwa nyingi.

Kona hiyo irudishwe kwenye safari. Wageni wawekewe viti vyao watazame. Ila chai ya kwanza imwagwe chini kabla wao hawajanywa, na mukwe ameniahidi hapa dirishani. Papa Aloys hayupo, kwa hiyo hili nalo limeandikwa.

Kesho asubuhi bandika maji. Na huyo mtoto akitangulia kufika, asiogeshwe mpaka nije.

Mama yako