Aliyekula na Karani

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi yangu hajambo, na watoto wanaendeleaje huko? Sisi huku hatujambo, ingawa mwezi huu neno hilo tumelitumia kwa kulivuta kidogo, na utaona sababu. Mimi bado niko palepale, chumba cha nyuma cha duka la miwani, kwenye mashine ya kusaga vioo. Nawasaidia watu waone, na jioni natoka macho yakiniwasha. Baba anakusalimu, mama anakusalimu, na Karani, kasuku wako, naye angekusalimu kama mdomo wake usingekuwa umejaa karoti.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unamjua mama, simu ya nyumba hii huisikia hata akiwa bafuni na bomba limefunguliwa. Ninayotaka kukuambia yanahusu yale maneno uliyomwambia baba, kwamba kama amechoka kuishi aseme, lakini asimuue na ndege uliyetuachia. Baba hakukujibu, nawe ukadhani kimya chake ni cha mtu aliyenaswa. Usijilaumu sana, maana sote tulidhani hivyo, na mimi ndiye niliyekujaza maneno.

Sheria ya nyumba unaijua kwa kusimuliwa tu, hukuishi chini yake. Siku baba alipoambiwa ana kisukari, mama alirudi kutoka kliniki, hata viatu hajavua, akafungua kabati la jikoni na kulikomba lote. Sukari, asali, jemu, biskuti, karanga za kukaanga, vyote vikaenda kwa jirani. Kisha akatutangazia, kwa sauti ya mwalimu wa nidhamu ambayo kustaafu hakukuipunguza hata kidogo, kwamba nyumba hii itakula chakula kimoja, cha mgonjwa, na yeye atakuwa wa kwanza. Na kweli, yeye aliyekuwa mpenzi wa chai tamu kutushinda wote alianza siku hiyohiyo kunywa chai isiyo na sukari bila kukunja uso. Wageni waliokuja na keki walirudi nayo. Mimi nilikuwa nakaguliwa mkoba mlangoni, mtu mzima na kazi yangu.

Katikati ya usafi huo wote, Karani akaanza kuugua. Manyoya ya kifua yalipoteza mng'ao, akawa anajinyonyoa. Mdomo wa juu ukarefuka na kupinda kupita kiasi, hata mbegu zake za alizeti zikawa zinamponyoka. Akawa mzito. Akiruka kutoka kwenye tundu hadi kwenye kiti, alitua akihema, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Tundu lake siku hizi linakaa chumba cha kupigia pasi, ambako mama hujifungia kila alasiri na birika lake la chai, na hakuna anayethubutu kumgongea. Nilimuuliza kama ameona lolote. Alisema ni uzee tu, tumwache ndege apumzike.

Sikumsikiliza. Tukampeleka kwa daktari wa wanyama, yule dada mrefu mwenye kuongea polepole, wazazi wote wawili wakafuatana nami. Alimviringisha Karani kwenye taulo, akampapasa kifua, akamfungua mdomo na kummulika tochi. Alisema ini limejaa mafuta, na kwamba madoa meupe mdomoni ni dalili ya kukosa vitamini iliyomo kwenye karoti, boga na mboga za majani. Akauliza ndege anakula nini. Mama alijibu haraka kwamba anakula alizeti na maji safi, basi. Daktari akasema alizeti tupu kwa miaka zinatosha kumharibu kasuku, kwani ni sawa na mtu kulishwa vya kukaanga asubuhi, mchana na jioni. Lakini aliendelea kuchokoa kwa kijiti chini ya ule mdomo uliopinda, akatoa kitu cha kahawia kilichogandamana, akakinusa, akatuonyesha. Ilikuwa biskuti, tena ya sukari, iliyochovywa kwenye chai.

Hapo jumba bovu likamwangukia baba. Nani mwingine nyumbani kwetu alikuwa na sababu ya kula biskuti kwa kujificha? Baba alikuwa ameshika kofia yake magotini. Alimtupia mama jicho mara moja, kisha akasema maneno ya daktari si ya kubishana nayo. Tukahesabu kwamba amekiri.

Nyumbani nilimpekua baba yangu mzazi, Kaka. Nilivuta droo zake, nikatia mkono kwenye mifuko ya makoti, nikafungua hata ule mfuko wa vifaa vyake vya upimaji ardhi asioruhusu mtu auguse. Sikupata hata chenga. Vipimo vyake vya kliniki vilikuwa vizuri vilevile, lakini nilijiambia mzee amejifunza kujizuia siku za kupimwa. Mama, ambaye kwa kawaida angekagua hadi ndani ya soksi, alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Hilo lilinipita. Nikakupigia wewe, nawe ukasema yako.

Tukageukia kumtibu ndege. Daktari alimchonga mdomo, akaagiza alizeti zipunguzwe na apewe karoti, boga na majani. Karani akavitupa vyote sakafuni. Tulipovikatakata akavitupa vikiwa vidogo. Akasusa kabisa, akawa anashinda amejikunyata, macho nusu. Nilirudi kwa daktari, naye akanieleza jambo ambalo sikulijua. Alisema kasuku ni ndege wa kundi, hakiamini chakula kigeni mpaka akione kinywani mwa mwenzake. Akauliza ni nani huwa anakula naye. Hakuwa na haja ya kujua biskuti zilitoka wapi, alisema. Alichotaka ni mtu huyohuyo akae mbele ya tundu ale karoti, ndege akimwona. Na afanye upesi, kwa sababu ini lile haliwezi kustahimili njaa.

Niliwapelekea ujumbe huo kama ulivyo, sote tukiwa mezani. Baba aliinuka bila kuambiwa, akavuta kiti hadi chumba cha pasi, akaanza kutafuna. Unajua asivyopenda karoti. Alitafuna mpaka akawa anacheua, na Karani akampa mgongo. Jambo hilo peke yake lilitosha kumsafisha baba, lakini mimi nilimwambia anatafuna vibaya. Nikajaribu mwenyewe, nikaambulia kudonolewa kidole. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya aproni, akisema ndege huyu ni mkaidi na ukaidi ameurithi kwako wewe, Kaka. Nilipomwomba naye akae kidogo, alisema ana nguo za kupiga pasi. Chumba cha pasi ndimo tulimokuwa.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta Karani sakafuni mwa tundu. Hakuwa amekufa, ila kushika kijiti kulikuwa kumemshinda. Niliogopa, sikufichi. Mama alimtazama kwa muda, akaenda jikoni, akarudi na karoti iliyokatwa kwenye kisosi. Akakigeuza kiti ili atupe mgongo mimi na baba, akafungua mlango wa tundu, akakaa. Alimega, akatafuna, kisha akanyoosha mkono pembeni na kipande kwenye ncha za vidole, bila hata kuangalia anaupeleka wapi. Mkono ulikuwa umeizoea njia hiyo. Karani alijikokota hadi mlangoni, akapanda kwenye kiganja chake na kukipokea. Akala. Mama akamega kingine, na kingine, wakaendelea zamu kwa zamu, kama watu waliokula pamoja maisha yao yote. Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikiona mabega ya mama yakitikisika, na sikuthubutu kuzunguka mbele.

Kisosi kilipoisha aliinama, akatoa kopo la biskuti chini ya rundo la mashuka, akaliweka mezani mbele ya baba, akaondoka kwenda kufua.

Baadaye nilimfuata baba uani. Nilimuuliza alijua tangu lini. Alisema tangu mwanzo, kwani mama alikuwa akitoka chumba cha pasi na chengachenga kwenye sweta. Nikamuuliza kwa nini alikubali kupekuliwa kama mwizi na kukaripiwa na mwanawe kwenye simu. Akasema mama aliacha sukari kwa ajili yake, na hakuombwa. Yeye ni nani hata amhesabie biskuti? Kujitia hamnazo hakukumgharimu chochote, alisema. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamshika mkono tu, naye akaniacha niushike.

Sasa sikiliza, kwa maana hili ndilo lililonikalisha kuandika. Kiu ya mama ilikuwa imezidi, na lile birika nililodhani ni la chai, siku hizi lilikuwa linajazwa maji mara kwa mara. Nikampeleka kliniki ileile. Kaka, mama ana kisukari, na chake kiko juu kuliko cha baba kilivyopata kuwa. Muuguzi alimuuliza kama amewahi kupimwa, akasema hapana. Kila mwezi amekuwa akimsindikiza baba pale, akikaa benchi lilelile, mkoba mapajani, akimhimiza anyooshe kidole. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia naye anyooshe chake. Baba aliposikia alikaa kitandani, na mara hii hakusema kwamba kimya chake hakikumgharimu chochote.

Ameanza dawa, na muuguzi anasema tumewahi. Karani anarudi mwilini, na manyoya mapya yanachipua kifuani. Kila alasiri mlango wa chumba cha pasi uko wazi, na wanakula wote watatu kutoka sahani moja. Baba bado hapendi karoti.

Baba alinikataza nisikuambie haya. Alisema lawama tumeshamtwika, amezizoea, na mama hana haja ya kuonwa mdogo na wanawe. Namvunjia neno lake kwa mara ya kwanza. Utakapopiga simu, mama usimguse na hili hata kidogo. Muulize habari za ndege tu, atafurahi. Kisha uombe kuongea na baba. Atakuambia kwamba biskuti zilikuwa zake. Mwache amalize, halafu umwombe radhi.

Nisalimie wifi sana, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka na hajawasahau kwenye sala zake. Ukipata nafasi ya kuja, njoo. Mikono mitupu inatosha, mlangoni bado tunakaguliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba