Siku Nne za Dada Paskalina Katesh

Jumatano, 28 Desemba. Endagikot.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa nne, ikaacha ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Shamba halishikiki mpaka udongo ukauke kidogo, kwa hiyo leo nimepata nafasi ya kuandika. Naandika kwenye daftari la maandalio ya masomo. Habari hii nitaichapa nikifika Mbulu mjini, kibanda cha intaneti kikifunguliwa baada ya sikukuu.

Nina jambo la kukiri, na linamhusu dada yangu. Mwenyewe ameniruhusu niliandike. Amesema tu nisitaje jina la watu anaowafanyia kazi.

Dada Paskalina amenizidi miaka tisa. Alipomaliza darasa la saba alikwenda Arusha kufanya kazi za ndani, na mpaka leo yuko kwenye kazi hiyo hiyo. Familia ya sasa, ya mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, amekaa nayo miaka kumi na moja. Mabati yaliyoezekwa juu ya kichwa changu sasa hivi ni jasho lake. Ualimu wangu pia. Nilipokwenda chuoni, kila kilichokuwa ndani ya sanduku langu alikinunua yeye, hadi sindano na uzi.

Kila Desemba anakuja likizo. Ndivyo tunavyosema hapa nyumbani: Paskalina anakuja likizo. Anashuka kwenye basi la Mbulu jioni, na asubuhi yake yuko kwenye palizi ya mahindi. Mahindi yakiisha yapo maharage. Wiki mbili zikiisha anapanda basi kurudi Arusha na malengelenge mikononi.

Na mimi nina likizo. Nafundisha Dongobesh. Shule ikifungwa nakuja nyumbani, na Mama anawaambia watu, "Mwacheni mwalimu, amechoka kusema." Naletewa kiti. Mwezi wa sita nilikwenda Babati na walimu wenzangu wawili, tukalala huko siku tatu, tukala samaki, tukapiga picha. Niliporudi Baba alikuwa anawaonyesha wageni zile picha.

Dada hajawahi kuletewa kiti.

Wala mimi sijawahi kumletea.

Mwaka huu tulimtarajia Jumanne ya wiki iliyopita. Kaka yetu Bura, ambaye kwa kuzaliwa yuko katikati yetu, alikwenda stendi ya Mbulu kumpokea. Basi likaja, watu wakashuka, dada hayupo. Simu yake imezimwa. Jumatano Bura akapata namba ya mama bosi wake, akaambiwa kwamba Paskalina aliondoka jana asubuhi na mapema, na begi lake.

Usiku ule chakula kilibaki kwenye sufuria. Tulifikiria ajali, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo mbele ya Mama.

Alhamisi mchana ikaja simu ya Baba Elia, jirani yetu anayenunua ng'ombe minadani. Alikuwa Katesh. Alisema amemwona Paskalina kwa macho yake, amekaa kwenye baraza ya gesti moja, anakunywa chai. Hakumsogelea. Alimwambia Baba, "Mimi sikutaka kuuliza, mzee mwenzangu. Nimeona tu nikujulishe."

Gesti. Katesh, kule Hanang, njia tofauti kabisa na ya kuja kwetu. Mwanamke ambaye hajaolewa. Sihitaji kueleza kila mtu alichokifikiria, maana na mimi nilikifikiria.

Bura alianza kuvaa viatu. Mama akamwambia vua. "Atakwenda mwalimu," alisema. "Wewe utakwenda na hasira zako, utamrudisha mtu nusu."

Kwa hiyo Ijumaa nikaondoka. Gari hadi Haydom lilikuwa limejaa watu wanaopeleka wagonjwa hospitali, na baada ya Haydom njia ilikuwa tope tupu, tulishuka mara mbili kusukuma. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Mimi ni mwalimu, natunga vizuri. Nilipanga kumwambia kwamba Mama hajala, kwamba Baba ameaibishwa mbele ya jirani, kwamba angalau angepiga simu.

Nilifika saa tisa. Gesti yenyewe ni vyumba sita vinavyotazama ua, na mbele yake baraza yenye viti vya plastiki. Dada alikuwa amekaa kwenye kimoja, miguu ameinyoosha juu ya kingine, anautazama mlima Hanang. Alikuwa amesuka nywele upya. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Lakini ni mkubwa wangu. Huwezi kumgombeza mtu kabla ya kumwamkia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wamekutuma?"

"Wamenituma."

"Nilijua watakutuma wewe. Kaa. Umekula?"

Sikukaa. Nilimuuliza yuko na nani. Akaniambia mlango uko wazi, nenda kaangalie.

Na mimi nikaenda. Naona aibu kuandika hapa, lakini nilikwenda. Kitanda kimoja kimetandikwa, taulo moja, ndala jozi moja. Chini ya dirisha lilikuwepo begi, na juu yake zawadi za nyumbani zimefungwa vizuri: kitenge cha Mama, koti la Baba, sukari, kalamu nyekundu za kusahihishia. Kalamu zilikuwa zangu.

Nikatoka nikakaa.

Hakunisema. Alimwita mhudumu aniletee wali na maharage, na nilipokuwa nakula akaanza kunieleza, taratibu, kama mtu anayesimulia safari ya mtu mwingine.

Mabosi wake kila mwaka wanakwenda mapumziko. Dada ameshafika baharini mara tano. "Watu wa Endagikot wanajua nimeiona bahari," alisema. "Nimeiona kweli. Ila sijawahi kukaa mchangani nikiwa sijashika taulo la mtoto wa mtu." Mabosi wakilala mchana yeye anafua nguo za kuogelea. Wakienda kula hotelini, yeye anabaki na mtoto mdogo aliyesinzia. Halafu safari ikiisha, mama bosi anamwambia kwa moyo mzuri kabisa, "Dada, na wewe sasa nenda nyumbani ukapumzike."

Akifika nyumbani anakabidhiwa jembe.

"Siwalaumu," alisema. "Jembe ni letu. Baba na Mama hawajawahi kupumzika, watajuaje kwamba mtu anaweza kuja nyumbani asilime? Kwetu likizo ni ya mtumishi wa serikali. Ni yako wewe."

Aliyasema hayo bila uchungu wowote, ndiyo maana yaliniingia.

Katesh aliichagua muda mrefu uliopita. Bibi wa wale watoto anakaa Singida, na kila wakienda kumsalimia walikuwa wanasimama Katesh kunywa chai. Familia inaingia hotelini, dada anabaki kwenye gari na mtoto aliyelala. Kupitia kioo cha gari aliiona gesti hii, na mlima nyuma yake, na siku moja akamwona mwanamke wa makamo amekaa barazani peke yake, anakula embe, hana haraka. Akajiambia kwamba na yeye atakaa pale. Ilimchukua miaka mitatu kujiruhusu.

Siku ya kwanza, alisema, hakuweza. Aliamka saa kumi na moja, akatandika, akafagia chumba, akatoka akafagia na ua mzima, mpaka mama mwenye gesti akaja kumnyang'anya ufagio. "Dada, wewe ni mgeni," akamwambia, halafu akamuuliza jina lake. Kule Arusha wote wanamwita dada, kuanzia bosi hadi mtoto. Kisha mhudumu akaja kumuuliza atakula nini.

"Nilishindwa kujibu," Dada alisema. "Nilimwambia alete chochote. Akasema, hapana, wewe unapenda nini? Mwalimu, nina miaka thelathini na nane. Nilikuwa sijui."

Hapo ndipo maneno yote niliyotunga njiani yalipoisha.

Siku ya pili alikuwa ameshajua. Supu ya mbuzi, na chapati mbili za moto. Baada ya kula alitembea polepole hadi chini ya mlima, akakaa kwenye jiwe, akarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya mapumziko, yote. Siku nne kwenye gesti ya vyumba sita. Mimi nimelala Babati siku tatu, nikarudi nimechoka kwa kutafuta mahali pa kupigia picha. Nilimtazama nikaona mtu ambaye amepumzika kweli. Hata mabega yake yalikuwa yameshuka.

Jioni ile nilitakiwa kupiga simu nyumbani. Nilimwambia nina wazo: niseme aliumwa njiani, homa imemshika, akalazimika kushuka Katesh. Kila mtu ataelewa na hakuna atakayeaibika.

Alikataa hapo hapo. "Nimeumwa mara ngapi kule kwa watu, na nikasimama nikapika? Usiwaambie nilikuwa naumwa. Waambie nilikuwa napumzika."

Nikasema hivyo hivyo. Baba ndiye aliyepokea. Nilimwambia yuko peke yake, mzima, alikuwa anapumzika. Akauliza kama tutafika kabla ya Krismasi. Nikasema kesho. Akasema sawa, akakata.

Tulifika Jumamosi alasiri, miguu imejaa tope. Watu walikuwa uani. Bura alikuwa anapasua kuni, na Baba Elia, ambaye hakutaka kuuliza, alikuwa amekuja mapema akapata kiti kizuri.

Bura hakumwamkia dada. Aliendelea na shoka lake. Kwetu mdogo akimnyima mkubwa wake shikamoo mbele ya watu, ni bora hata angemtukana. Dada alisimama na begi lake. Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya watu wote.

"Bura," Baba akaita. "Dada yako amefika."

"Nimemwona."

"Sikukuuliza kama umemwona."

Shoka likatulia. "Shikamoo," Bura akasema, macho chini. "Marahaba," Dada akajibu, kwa sauti yake ya siku zote.

Baba Elia akaona ni zamu yake. Akasema tumesikia ulikuwa Katesh, binti yangu, sijui ulikuwa na shughuli gani huko.

"Sikuwa na shughuli, mzee," Dada akamjibu. "Ndiyo maana nilikwenda."

Baba akamgeukia jirani yake na kumwambia kwamba mtoto huyu ameanza kazi hajaota hata meno yote ya nyuma, na kama amelala siku nne, amelala kidogo. Akamwomba Mama alete chai. Mambo yakaishia hapo, angalau uani. Kanisani siku ya Krismasi niliona vichwa viwili vitatu vikigeuka. Dada aliimba kama kawaida, ile sauti yake ya pili inayoshikilia wimbo usianguke.

Bado sijaelewa vizuri ujasiri wake. Si kule kwenda, maana nauli anayo na njia anaijua. Ni kule kukataa uongo. Mimi msomi wa nyumba hii nilikuwa nimeshaandaa homa ya bure. Yeye alitaka neno lake lenyewe, lile ambalo mimi hupewa bila kuomba. Bura bado anamjibu kwa mkato, na pengine itamchukua mpaka Pasaka. Dada anasema mwache, naye anachoka, hajui tu kwamba anachoka.

Jumatatu alichukua jembe mwenyewe. Nilipomwambia akae, akasema amekaa vya kutosha, anataka kupalilia kwao. Nami nikaenda. Alinipita mistari mitatu kabla ya saa nne.

Ila kilichonifanya niandike leo kilitokea jana. Tulikuwa tumepumzika kwenye kingo za shamba, Dada amekwenda kuchota maji, nimebaki na Mama. Mama ana miaka sitini na kitu. Ninavyojua, amelala nje ya nyumba yake kwa sababu tatu tu: kujifungua, msiba, na kuuguza mtu pale Haydom, ambako alilala kwenye kanga chini ya kitanda cha mgonjwa. Alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti. Hakuniangalia.

"Hiyo gesti," alisema, "mtu mzee wanampokea?"

Nikamwambia wanampokea mtu yeyote.

Akatikisa kichwa kidogo. Akaendelea kukwangua, jembe likawa safi kabisa, akaendelea tu. "Na ng'ombe nani atawakamua?" akauliza. Dada akawa amerudi na maji, Mama akasimama, tukaendelea na kazi.

Nimelala na lile swali, nimeamka nalo. Mwezi wa sita nina likizo ya mwezi mzima. Sijakamua ng'ombe tangu nivae sare ya sekondari, na yule mwekundu ana teke.

Kesho alfajiri nitamwomba Mama anipe ndoo.